Pumu ya Ngozi Ikichachamaa Dar: Mwongozo Kamili wa Kuituliza Hatua kwa Hatua

Wengi wanaouliza kuhusu pumu ya ngozi, yaani eczema, wameshapaka kila kitu. Tyubu ya famasi ilisaidia siku chache, ugonjwa ukarudi. Mafuta ya nazi yalituliza usiku, asubuhi ngozi imekakamaa tena. Sindano ya aleji ya zahanati iliondoa muwasho wote, baada ya muda ukaja umeongezeka.

Ukiwauliza wanavyopaka, makosa mawili yanajirudia. Mafuta yanapakwa ngozi ikiwa imeshakauka, na dawa inaachwa siku muwasho unapokoma, wakati ngozi yenyewe bado haijapona. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kuziba mianya hiyo miwili. Zifuate kwa mpangilio wake, maana hatua ya nne haina nguvu kama ya tatu umeiruka.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kopo kubwa. Mtu mzima ambaye ngozi imechachamaa mwili mzima anaweza kutumia gramu 250 hadi 500 kwa wiki, mtoto kama gramu 250. Kopo dogo unalolibania likae miezi mitatu halitakufikisha popote.
- Krimu nzito isiyo na manukato, kwa matumizi ya mchana.
- Sabuni laini isiyo na harufu, au krimu ya kuogea ya ngozi kavu.
- Taulo laini la pamba na khanga mbili kuukuu za pamba.
- Kijiko safi cha kuchotea mafuta. Vidole huingiza vijidudu kwenye kopo.
- Kikata kucha.
- Ndoo ya maji yasiyo ya chumvi, kama nyumbani mnatumia kisima.
- Dawa ya kupaka ya steroidi, yaani ya kuzima uvimbe wa ngozi, ikiwa daktari au mfamasia amekuelekeza.

Soma lebo ya mafuta kabla ya kulipa. Picha ya mtoto kwenye kopo haina maana kwamba ndani hakuna manukato. Mafuta mengi ya watoto yananukia, na manukato ni miongoni mwa vitu vinavyochokoza ngozi hii kwa urahisi zaidi.

Weka kando kwa sasa: sabuni ya mche, sabuni za dawa za kuua vijidudu, dodoki, brashi, liwa, limau, spiriti, dawa ya meno, na majani ya mwarobaini yaliyotwangwa. Mafuta ya zeituni nayo yaache. Yamepimwa kwenye ngozi na kukutwa yakidhoofisha tabaka lake la juu. Mafuta ya nazi safi, mapya, yasiyochachuka, yanaweza kukufaa kama hayakuwashi.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni pumu ya ngozi kweli

Hapa ndipo miezi mingi hupotea, kwa hiyo usiharakishe.

Picha nyingi za ugonjwa huu zinaonyesha ngozi nyeupe yenye mabaka mekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu huo hauonekani vizuri. Tafuta mabaka ya kahawia iliyokoza, zambarau au kijivu, ngozi yenye magamba na ukavu, au vipele vidogo vidogo vinavyofuata vinyweleo. Ikiwa mtu amejikuna kwa muda mrefu, ngozi inakuwa nene na mistari yake inaonekana wazi. Kwa watoto wakubwa na watu wazima hupenda kukaa kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti, shingoni na kwenye viganja. Kwa watoto wachanga huanzia zaidi mashavuni na kichwani.

Magonjwa matatu hufananishwa nayo sana hapa Dar:

Upele unaoambukiza. Muwasho unazidi usiku, uko kati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni na sehemu za siri, na wengine nyumbani nao wanajikuna. Huu unahitaji dawa ya kuua vijidudu vyake, na nyumba nzima hutibiwa siku moja.

Fangasi. Doa ni la mviringo, kingo zimeinuka na zina magamba, katikati pamekuwa na nafuu. Ukipaka steroidi hapa, muwasho utapungua kwa muda huku fangasi akisambaa na kubadilika sura hadi hata daktari apate kazi kumtambua.

Harara. Vipele vidogo vinavyochomachoma, vinatokea panapojaa jasho, na hutulia mtu akipata upepo na maji baridi. Hivi havihitaji mafuta mazito, yanavizidisha.

Kama mtu amewahi kuwa na pumu ya kifua au mafua ya aleji, au wazazi wake wanayo, na ngozi imekuwa ikipona na kurudi tangu utotoni, uwezekano wa pumu ya ngozi ni mkubwa. Ukiwa na shaka kati yake na fangasi, usinunue tyubu. Nenda ukapimwe.

## Hatua ya 2: Tazama dalili za kwenda hospitali leo

Kabla ya kupaka chochote, kagua ngozi yote kwenye mwanga wa mchana.

Majimaji ya njano yanayoganda, usaha, maumivu, joto kwenye ngozi, au homa ni dalili za maambukizi ya bakteria. Mafuta peke yake hayatatosha, utahitaji dawa.

Kuna hali moja ambayo haisubiri kesho: vilengelenge au vidonda vidogo vya mviringo vinavyofanana, vinavyouma zaidi ya kuwasha, vinavyoongezeka haraka, mara nyingi pamoja na homa. Hivyo huletwa na kirusi kilekile cha vidonda vya mdomoni, na kwenye ngozi yenye pumu husambaa kwa kasi. Vikiwa karibu na jicho, hatari ni kubwa zaidi. Mwenye kidonda cha mdomo asimbusu mtoto mwenye ngozi hii, hata awe bibi yake.

## Hatua ya 3: Oga kwa dakika 5 hadi 10

Maji yawe ya uvuguvugu au ya kawaida ya bombani. Maji ya moto huleta raha ya muda kwenye muwasho, kisha yanaondoa mafuta ya asili na muwasho unarudi na nguvu.

Sabuni ipite kwapani, sehemu za siri, miguuni, na mahali penye uchafu. Mikono na mapaja yaliyochachamaa hayahitaji povu. Usisugue. Najua kwetu mtu asiyesugua huonekana hajaoga, lakini kila unapopitisha dodoki kwenye ngozi hii unafungua michubuko mipya ambayo vijidudu vitaingilia.

Kuhusu maji: sehemu nyingi za jiji zinategemea visima, na maji yake yana chumvi. Maji magumu na ya chumvi hukausha ngozi na kuacha mabaki ya sabuni. Kama huna mengine, oga hayo hayo, kisha malizia kwa makopo mawili matatu ya maji laini, ya DAWASA au ya mvua. Ukikinga maji ya mvua yafunike vizuri, maana mbu wa dengi huzaliana humo.

Ukimaliza, kausha kwa kugandamiza taulo, bila kufuta. Acha ngozi ikiwa na unyevunyevu.

Ukifaulu: ukitoka bafuni ngozi haivuti wala haichomi. Ikivuta, maji yalikuwa ya moto mno au sabuni ni kali.

## Hatua ya 4: Paka mafuta ndani ya dakika 3

Hatua hii ndiyo inayobeba mwongozo mzima. Ngozi yenye pumu ina tabaka la juu dhaifu linalovujisha maji. Mafuta ya mgando hayaongezi maji. Kazi yake ni kuyazuia yaliyopo yasitoke. Ukisubiri ngozi ikauke, uvae, unywe chai, ndipo ukumbuke kopo, hakuna tena unyevu wa kuzuia.

Kwa hiyo kopo likae bafuni au mlangoni pa bafu, likiwa limefungwa.

1. Chota kwa kijiko, weka kiganjani, yeyusha kidogo kwa joto la mikono.
2. Paka kwa kushuka chini, kufuata uelekeo wa vinyweleo. Ukisugua kwa kuzunguka, mafuta yanaziba vinyweleo na kuleta vijipu vidogo.
3. Paka mwili wote, hata palipo pazima, kwa sababu pazima pa leo ndipo penye mabaka ya wiki ijayo.
4. Subiri dakika chache kabla ya kuvaa.

Wakazi wa Dar wanalalamika kwa haki kwamba mafuta ya mgando mchana wa Januari ni mateso: jasho halitoki, mwili unanata, vumbi la barabarani linaganda. Ushauri wangu ni kugawa. Usiku paka mafuta mazito. Asubuhi na mchana paka krimu, ambayo ni nyepesi zaidi, na uirudie mara mbili au tatu. Ikifika kipupwe, kuanzia Juni, hewa inapokauka na upepo wa kusi kuvuma, rudisha mafuta ya mgando hata asubuhi.

Onyo la moto. Nguo, shuka na khanga zilizoloa mafuta hushika moto upesi, na kufua hakuyaondoi yote. Kaa mbali na jiko la mkaa, mshumaa na koili ya mbu, hasa mtoto akiwa amefungwa khanga yenye mafuta.

Ukifaulu: baada ya saa nne, pitisha mgongo wa mkono wako juu ya ngozi ukiwa umefumba macho. Ikiwa inateleza, kiasi kilitosha. Ikikwaruza, ongeza.

## Hatua ya 5: Tumia steroidi kwa kipimo, na usiiache mapema

Kuna makundi mawili ya watu, na yote yanaumia. Kundi la kwanza limesikia steroidi ni sumu, likapaka tone moja kwa woga. La pili linapaka dawa kali usoni kila siku kwa mwaka mzima kwa sababu inang'arisha. Dawa hii, ikitumika kwa nguvu inayofaa na kwa muda unaofaa, ni salama na ndiyo inayozima uvimbe ambao mafuta hayauwezi.

Nguvu. Haidrokotizoni ya asilimia 1 ni dhaifu, na ndiyo inayofaa usoni na kwenye mikunjo laini. Betamethazoni ni ya nguvu zaidi, kwa ngozi nene ya mikono na miguu, tena kwa maelekezo ya daktari. Klobetasoli ni kali kuliko zote hizo. Usiinunue kwa kushauriwa na jirani. Kope zisipakwe steroidi yoyote bila daktari, na mtoto wa chini ya miaka miwili apelekwe kwa mtaalamu kwanza.

Kipimo. Kamua dawa kutoka kwenye tyubu kuanzia kiungo cha mwisho cha kidole cha shahada cha mtu mzima hadi nchani. Hiyo ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la ukubwa wa viganja viwili vya mtu mzima, pamoja na vidole. Paka palipochachamaa tu, mara moja au mbili kwa siku kadiri ulivyoelekezwa.

Mpangilio. Dawa na mafuta visichanganywe kiganjani, kwani mafuta yataipunguza nguvu na kuisambaza pasipohitajika. Paka mafuta baada ya kuoga, subiri kama nusu saa, kisha paka dawa.

Muda. Mara nyingi ni siku 7 hadi 14, na usoni kwa kawaida haihitajiki zaidi ya siku tano. Muwasho hukoma mapema, pengine siku ya tatu. Hapo ndipo wengi huweka tyubu kabatini, na baada ya wiki wanasema dawa haifanyi kazi. Endelea hadi ngozi iwe laini kwa kugusa, halafu ongeza siku mbili. Kama siku 14 zimepita bila nafuu, acha kujitibu na umwone daktari. Huenda ni fangasi, maambukizi, au mzio wa kitu unachogusa.

Onyo kuhusu tyubu za mchanganyiko. Madukani kuna krimu zenye vitu vitatu kwa pamoja: steroidi kali, dawa ya fangasi na antibiotiki. Zinapendwa kwa kuwa zinatuliza kila kitu kwa siku mbili. Geuza boksi usome. Ukiona neno clobetasol au betamethasone, ujue unachopaka. Zikitumika ovyo zinaficha fangasi na kuchubua ngozi hadi mishipa ionekane.

Mkorogo ni janga zaidi. Krimu nyingi za kung'arisha zina steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki, na mwenye pumu ya ngozi akiziacha ghafla baada ya muda mrefu, uso unaweza kuwaka, kuvimba na kumenyeka. Kama umekuwa ukizitumia, mwambie daktari bila kuficha. Ataweza kukupangia namna ya kutoka taratibu.

Sindano na vidonge vya steroidi vinazima haraka, lakini ugonjwa hurudi, mara nyingi kwa nguvu zaidi. Usikubali kudungwa sindano usiyoambiwa jina lake.

## Hatua ya 6: Vuka usiku bila kujikuna

Kata kucha fupi na uzilainishe kingo. Muwasho ukija, gandamiza kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kwa dakika kadhaa, kisha ongeza mafuta. Kumwambia mtoto "usijikune" usiku kucha hakusaidii na kunamwongezea huzuni. Mpe kitu cha kufanya na mikono.

Kwa usiku mgumu, tumia khanga mbili. Baada ya kupaka mafuta mengi, lowesha vipande vya khanga ya kwanza kwa maji ya uvuguvugu, kamua, funga mkono au mguu ulioathirika bila kubana. Juu yake funga kipande kikavu. Washa feni, lakini isimpulizie moja kwa moja. Khanga ikikauka, iondoe na upake mafuta tena. Usifanye hivi kwenye ngozi yenye usaha, wala juu ya steroidi kali, maana kufunika kunaifanya iingie mwilini kwa wingi. Mtoto mchanga asifungwe bila maelekezo ya daktari.

Vidonge vya aleji vinavyoleta usingizi vinaweza kumlaza mtu, lakini muwasho wa ugonjwa huu hautokani sana na kemikali vinayoizuia. Usivitegemee kama tiba.

Ukifaulu: kufikia usiku wa tatu au wa nne, shuka halina madoa ya damu na mgonjwa analala mfululizo kwa saa kadhaa.

## Hatua ya 7: Mchana wa jijini

Jasho ndilo linaloamsha ugonjwa huu kwa wakazi wengi wa pwani. Ukishuka kwenye daladala umeloa, usingoje jioni. Suuza mikono, shingo na uso kwa maji matupu, gandamiza ukauke, paka krimu. Chupa ndogo ya krimu ikae kwenye mkoba na nyingine kwenye begi la shule.

Vaa pamba isiyobana. Kitenge cha poliesta na sweta la sufu la mtumba vinaweza kuwasha hata mtu mwenye ngozi nzima. Nguo mpya na za mtumba zifue kabla ya kuvaa, suuza mara mbili, na uache marashi ya kulainishia nguo. Anayefua au kuosha vyombo avae glavu za mpira, ndani yake za pamba kama zipo, na azivue zikiloa jasho.

Ofisi yenye kiyoyozi inakausha ngozi bila mtu kuhisi, kwa hiyo rudia krimu saa sita mchana. Ukienda kuogelea Kigamboni au Coco Beach, paka mafuta kabla, jisuuze mara utokapo baharini, paka tena. Kama ngozi ina nyufa, chumvi itachoma, ahirisha.

## Hatua ya 8: Chakula

Usimkatazie mtoto mayai, maziwa, samaki na karanga kwa pamoja kwa sababu ana pumu ya ngozi. Wengi hawana chakula kinachowaamshia ugonjwa, na mtoto anayenyimwa hivyo vyote anadhoofika. Ikiwa kila anapokula kitu fulani anapata vipele vya ghafla, midomo kuvimba au kutapika ndani ya saa mbili, hicho kiache na umweleze daktari. Akipumua kwa shida, mkimbize hospitali.

## Hatua ya 9: Baada ya kutulia

Mafuta yanaendelea kila siku, hata mwezi ambao hakuna baka. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuung'oa, ingawa watoto wengi hupungukiwa nao wanapokua. Kwa wanaorudiwa mahali pale pale, daktari anaweza kupanga steroidi siku mbili kwa wiki katika maeneo hayo.

Alama nyeusi au nyeupe zitabaki kwa miezi. Hizo ni alama za rangi iliyobadilika, siyo ugonjwa unaoendelea, na hazihitaji steroidi wala krimu ya kung'arisha. Kigezo ni mguso: baka jeusi lililo laini na lisilowasha limepona.

Ikiwa ngozi inachachamaa kila mwezi, ikiwa usingizi au shule inaharibika, au kama uso na macho vimehusika, tafuta mtaalamu. Unaweza kuanzia hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala na kupewa rufaa kwenda kliniki ya ngozi Muhimbili. Ulizia pia kwenye kituo chako cha afya kama kuna tabibu aliyesomea magonjwa ya ngozi kwenye kituo cha mafunzo cha hospitali ya KCMC, Moshi, kinachofundisha fani hiyo tangu 1992.

Siku ya kliniki nenda na tyubu zote ulizowahi kupaka, hata zilizoisha, na hata zile unazoona aibu kuzitaja. Piga picha ngozi ikiwa imechachamaa, kwenye mwanga wa dirishani, kwani siku ya miadi mara nyingi huwa imetulia. Kwenye simu andika ni lini ilianza, unapaka nini na mara ngapi, na maji ya kuogea mnayatoa wapi.